Inchi Nne za Austin

Busia, Kenya
7 Februari 1965

Mjomba Matayo,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Selpher mke wangu anakusalimu, watoto wanakusalimu, na yule wa mwisho ametoa meno mawili, anauma kila anayemkaribia. Tusalimie Mama Mable na jamaa wote wa Tororo. Huku tumeshalima, tunatazama juu tu, mvua bado.

Lililonifanya nishike kalamu ni Mama. Unajua tangu alipoteleza kisimani mwaka juzi paja lake halikunjiki, na anatembea kwa fimbo. Sasa Mama Mdogo Leonida ametuma neno kutoka Lumino, hapo ng'ambo ya mpaka, kwamba Kukhu, mama yenu, amechoka sana. Chakula anaonja tu, na kila asubuhi anauliza, "Benedeta amefika?" Mama aliposikia kwamba mama yake anamwuliza, alifunga nguo zake kwenye furushi siku hiyohiyo na kuliweka karibu na mlango.

Tumekwama kwenye gari. Ile Austin A40 ya marehemu baba bado inatembea vizuri, lakini unakumbuka jinsi alivyoiinua kwa ajili ya barabara za kununulia pamba. Mama hawezi kuinua mguu hadi mlangoni. Tulijaribu kumnyanyua, mimi na jirani, huyu huku na huyu kule. Alipiga ukelele hadi watu wakaja kutoka sokoni. Akasema tumwache, yeye si gunia. Kwenye baiskeli hawezi kukaa, na basi ndilo lililo juu zaidi.

Basi nimefikiri, badala ya kumpandisha Mama, tulishushe gari. Karakana ya hapa wamenitajia bei ya ng'ombe mzima. Wewe umekuwa fundi tangu sijazaliwa. Nieleze namna ya kulishusha kwa gharama ndogo, nami nitafanya kazi hiyo kwa mikono yangu.

Ni mimi mpwa wako,
Rasto


Tororo, Uganda
21 Februari 1965

Mpwa wangu Rasto,

Barua yako imeletwa na Chrispinus, yule mwuza samaki wakavu anayekuja soko la hapa kila wiki. Ilinuka samaki lakini ilisomeka. Sisi tuko wazima. Mable analalamika mgongo, na vumbi la simenti limeingia hata kwenye chumvi. Nimefurahi kwamba umekumbuka una mjomba. Ni miaka miwili tangu tumzike baba yako, hii ndiyo barua yako ya kwanza, na imekuja na shida mkononi. Si neno. Dada yangu ni dada yangu.

Sasa soma polepole. Kwanza chukua kamba, mwambie Benedeta asimame akishika ukuta, ainue ule mguu mbovu mpaka pale anapoweza bila kuumia. Pima kutoka chini hadi unyayo wake, piga fundo, unitumie hiyo kamba. Mimi sifanyi kazi ya kukisia.

Nyuma, gari hilo linakalia springi za majani, zile bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine. Baba yako aliongeza majani mawili kila upande, na niliyemwekea ni mimi. Yatoe. Jani kuu, lile refu lenye jicho kila mwisho, usiliguse. Mbele kuna springi za mviringo, naye alizipachikia vipande vya mpira juu. Vitoe pia. Gari likibaki juu, kata kipande kidogo cha springi kwa msumeno wa chuma, huku unamwagia maji. Mtu akikwambia upashe springi moto ilainike, mfukuze uani kwako. Chuma kilichopashwa hivyo kitalala siku moja na hakitaamka. Na usifungue kitu mpaka gari liwe juu ya magogo. Jeki peke yake imeshaniulia rafiki.

Nataka inchi nne tu, zilezile alizoongeza baba yako. Ukizidisha, tumbo la gari litapiga mawe.

Jambo la mwisho. Huku kwetu mpakani gari lililokaa chini ni gari lenye mzigo. Ndivyo askari wanavyotazama, hasa sasa ambapo mahindi hayapiti bila kibali. Watakusimamisha. Usibishane nao. Fungua buti, waone ni tupu. Leo waone, kesho waone. Baada ya wiki chache watazoea kwamba gari lako ndivyo lilivyo, watakupungia mkono upite, na mama yako hatasumbuliwa njiani.

Mwambie Benedeta kwamba Mama anamngoja.

Mjomba wako,
Matayo


Busia
28 Machi 1965

Mjomba Matayo,

Salamu kwa wingi. Mvua imeanza na paa letu linavuja palepale linapovuja kila mwaka. Selpher amesema nikwambie anakuombea.

Kamba ni hii. Fundo ndipo Mama alipofika. Alijitahidi sana mpaka jasho likamtoka, kisha akacheka, akasema fundi wa Tororo anamshonea suruali.

Kazi imefanyika. Bolti ya katikati ya springi ilikuwa na kutu ya tangu enzi za Waingereza; niliimwagia mafuta ya taa siku tatu ndipo ikakubali. Jirani alikuja na makaa na mivukuto yake akitaka tupashe springi moto, nikamsomea barua yako, akaondoka amenuna. Nimeyatoa majani mawili kila upande na kuyaweka nyuma ya jiko. Mbele nimetoa mipira. Gari limeshuka inchi nne na nusu.

Mjomba, Mama ameingia! Aligeuka akakaa, akaingiza mguu mmoja, akaubeba ule mwingine kwa mikono miwili na kuuingiza. Kimya, bila ukelele. Alikaa humo gari likiwa limezimwa, akaagiza chai iletwe humohumo. Akaniuliza tunakwenda lini.

Na askari ni kama ulivyosema. Nilikwenda kununua misumari tu, yule wa kizuizi cha njia ya Kisumu akanisimamisha: "Wewe, hii gari yako mbona imelala? Umebeba nini?" Nikafungua buti. Akatazama, akagonga, akaniachia. Mara ya pili vilevile.

Kasoro ni moja. Springi zimekuwa nyembamba, kwa hiyo zile yubolti zinazozifunga kwenye ekseli zimekuwa ndefu na nati hazikazi. Ukiweza kunitafutia fupi, Jumatatu ya Pasaka tutakuwa Lumino. Nimeshamtumia Leonida neno.

Mpwa wako,
Rasto


Tororo
25 Aprili 1965

Mpwa wangu Rasto,

Tuko wazima. Mable amepona mgongo na sasa anaumwa jino.

Yubolti nne nilimpa Chrispinus juma moja kabla ya Pasaka. Ameniapia kwamba alikukabidhi mkononi. Jumatatu ya Pasaka nilikwenda Lumino kwa baiskeli niwapokee. Leonida alikuwa amechinja. Mama alivishwa gauni la kanisani, akatolewa nje, akakalishwa mahali anapoweza kuiona barabara, ingawa macho yake hayaoni hata kidole. Kila gari lililopita aliuliza kama ni lile. Saa kumi na moja nilimbeba kumrudisha ndani, akaniambia, "Labda wamepata pancha."

Sitaki maelezo. Nataka tarehe.

Kama unaogopa springi hazijakaa vizuri, pakia nyuma magunia mawili ya udongo, uliache gari siku mbili, kisha uyatoe na kupima upya. Ndivyo sisi tunavyofanya. Halafu uje.

Matayo


Busia
6 Juni 1965

Mjomba Matayo,

Tunakusalimu. Watoto walikuwa na surua, wamepona. Selpher ameanza kuuza chapati karibu na stendi.

Najua umekasirika. Siku ya Pasaka tairi la nyuma lilikuwa linagusa madigadi, nikaogopa kumweka Mama hatarini. Kisha mvua, na barabara ya Lumino unaijua mwenyewe. Kisha surua. Petroli nayo si maji. Mama hajambo, anakusalimu. Nimefanya kama ulivyosema kuhusu magunia na gari limetulia vizuri. Askari wamelizoea, hawanisimamishi tena.

Nina swali la ufundi. Likiwa tupu liko sawa, lakini tukikaa watu wanne na vifurushi linazama hadi chuma kinagonga chuma. Je, kuna njia ya kulifanya likae chini vilevile, lakini lisizame zaidi likipata uzito?

Na swali lingine, usinikasirikie. Wewe unafanya kazi penye malori. Tororo na hapa si mbali. Mama ni dada yako wa tumbo moja. Mbona miaka miwili hujakanyaga kwetu? Unatuma vyuma, wewe mwenyewe hutujii.

Mpwa wako,
Rasto


Tororo
4 Julai 1965

Mpwa wangu Rasto,

Huku ni wazima, isipokuwa Mama. Hilo nitalifikia.

Umeniuliza kwa nini siji. Siku ya mazishi ya baba yako, ndugu zake walisimama mbele ya watu wakasema nilikula ng'ombe wa mahari ya dada yangu, nikaja kumlilia mume wake mikono mitupu. Niliondoka bila kula. Wewe ulikuwepo, umeshika shoka la kupasulia kuni, na ukatazama chini. Katika ukoo wetu mkwe aliyeondoka bila kula huletewa kuku na mtoto wa nyumba ile, kuku hai, amefungwa miguu, basi yameisha, anarudi. Sikutaka ng'ombe, sikutaka kuombwa radhi. Kuku. Nimekaa miaka miwili nikisikiliza kama kuna kuku anayelia kwenye kikapu cha Chrispinus. Umenitumia kamba.

Ile ya ufundi nakujibu. Tafuta jani moja fupi la springi ya lori, lililonyooka kabisa, ulifunge chini ya mengine yote. Gari likiwa tupu, jani hilo halitakuwa na kazi. Uzito ukija, majani mengine yatalilalia, nalo halipindi. Gari litakaa palepale mtu asione tofauti. Ni kazi safi, nimeifanya mara mbili tu maishani. Jani lenyewe nimempa Chrispinus.

Lakini watu wanne ni nani na nani? Wewe, mama yako, na nani?

Mama haulizi tena kama Benedeta amefika. Anauliza kama Benedeta yu hai. Tumemwambia yu hai. Anadhani tunamficha.

Matayo


Tororo
22 Agosti 1965

Rasto,

Wiki saba hujajibu. Chrispinus amejibu kwa niaba yako, bila kujua kwamba anajibu.

Alikuja Jumanne akiwa mchangamfu, akaniambia, "Mzee, dada yako anatembea siku hizi! Nilimwona Alhamisi kwa kizuizi cha njia ya Kisumu, amekaa mbele kama mama wa gavana. Hata askari alimsalimia, akauliza hospitali inaendeleaje." Nikamwuliza, hospitali gani? Akasema kila Alhamisi unampeleka mgonjwa kwa daktari, kila mtu wa njia hiyo anajua. Nikamwuliza kama alikuwa na kitu mkononi. Akasema alikuwa na furushi la nguo mapajani.

Basi nikapanda baiskeli hadi Molo, huku kwetu Tororo kunakouzwa mahindi. Haikuchukua muda. Mkulima wa kwanza niliyemwuliza aliijua Austin iliyolala, inayokuja kila Jumatano kununua mahindi. Magunia matano, akasema, mawili kwenye buti na matatu nyuma ambako mmeng'oa kiti. Molo, Rasto! Unapita karibu na mlango wangu kila Jumatano, husemi hata hodi.

Niliambiwa gari linashushwa ili dada yangu aweze kumwona mama yake. Nikakupa kila nilichokijua. Nikakufundisha namna ya kuwazoeza askari, nikadhani ninampunguzia Benedeta usumbufu. Nikakupa jani la lori. Wewe ulikaa na barua zangu ukachagua kinachofaa kwa magendo, na mzigo ukaufunika kwa mama yako. Alikukataza kumnyanyua kama gunia, ukamkalisha mbele ya magunia.

Lumino ni maili ngapi? Kwa njia ya Kisumu umemzungusha mara ngapi? Hesabu mwenyewe.

Mlete. Usiniandikie, mlete.

Matayo


Busia
12 Septemba 1965

Mjomba Matayo,

Salamu. Wote wazima.

Yote ni kweli. Sikukusudia mwanzo. Naapa kwa kaburi la baba, mwezi wa pili nilitaka kumpeleka Lumino, basi. Ila nilipoona askari ananipungia mkono gari likiwa tupu, nikafikiri mara moja tu. Ile mara moja ililipa dawa ya surua. Huku dukani kuna unga wa njano ambao watoto wanautema, na kuupata wenyewe ni foleni. Watu wanataka mahindi meupe. Ningefanya nini? Baba aliniachia gari na ndugu zake wakachukua shamba. Wewe ulikuwa unangoja kuku.

Kuku nilimnunua, Mjomba. Desemba ya mwaka ule ule. Nilimfunga chini ya meza siku mbili nikitafuta pesa ya petroli ya kuja Tororo. Ikafika Krismasi nyumba haina kitoweo, tukamla. Kisha nikaona aibu kukuandikia. Kila mwaka aibu ikaongezeka, na wewe nawe hukuinama hata kidogo. Mtu mwenye dada kilema hangoji kuku.

Mama alikubali. Alijua. Alisema watoto wale kwanza.

Nimeamua kuacha. Nina safari mbili nilizokwisha kuahidi watu, ya Alhamisi tarehe 16 na ya tarehe 23. Jumamosi tarehe 25 asubuhi nitakuwa njiani kwenda Lumino na Mama. Gari ni lile lile, mlango ni ule ule. Mwambie Kukhu.

Rasto


Tororo
10 Oktoba 1965

Rasto,

Selpher atakuletea barua hii siku ya kukuona gerezani. Wanao ni wazima, yule wa mwisho ameanza kutembea. Mable amewapelekea unga. Salamu zinaishia hapo.

Wewe ulichukuliwa, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Tarehe 23 jani kuu la upande wa kulia lilikatika kwenye jicho, hatua chache kabla ya kizuizi, gari likaketi barabarani mbele ya askari walewale. Walikuchukua wewe na mahindi. Mama yako hakuna aliyejua wamfanye nini. Alibaki kwenye kiti chake kando ya barabara, na furushi lake, tangu asubuhi hadi saa kumi, Selpher alipofika na watu na mkokoteni.

Gari liko kwenye uwanja wa kituo. Nimeingia chini yake nikalitazama. Lile jani la lori limebaki limenyooka. Lenyewe lilikataa kupinda, uzito wote ukaenda kwenye jicho. Bila hilo jani, springi zingekuwa zimelala juma la kwanza la magunia matano, na biashara yako ingekufa mwezi wa saba, kabla mama yangu hajafa. Swali lako la watu wanne nililielewa, Rasto. Sikulielewa lote, lakini nililielewa vya kutosha. Lilikuwa swali zuri la ufundi, hakuna aliyeniuliza swali zuri kwa miaka mingi, nikajibu. Hilo ni langu, silitupii kwako.

Mama alikata roho Ijumaa tarehe 24 alfajiri. Leonida anasema hakuuliza kitu usiku huo.

Jumamosi, ile siku uliyoahidi, nilimwendea Ojangole, dereva wa lori la mawe. Nikamwambia nina dada wa kumchukua Busia, tukazike Lumino. Alisema, "Mimi nakwenda, mzee. Panda tu." Kutoka nyumbani kwangu hadi mlangoni kwako, pamoja na kusimama mpakani, tulitumia saa moja na dakika kumi. Nilikuwa na saa, nilitazama. Miaka miwili na nusu nimekaa kwa ajili ya saa moja na dakika kumi. Uliniandikia kwamba mtu mwenye dada kilema hangoji kuku. Niliisoma barua hiyo kwa hasira na kuichana, lakini maneno hayo nimebaki nayo.

Selpher aliponiona alianza kufukuza kuku uani huku analia. Nikamwambia amwache kuku. Nilikunywa maji, nikiwa nimesimama.

Benedeta alikuwa mlangoni. Hakunisalimu. Alitazama lori, akanitazama mimi, akasema, "Amekufa." Nikaitika. Mimi na Ojangole tukazunguka nyuma ya nyumba kutafuta kreti au meza ya kumsimamishia, maana lori lile liko juu, hata mimi napanda kwa kujivuta. Tulisikia ukelele wake, mmoja tu. Tulipotokea na meza alikuwa ameshakaa ndani, miguu yote miwili, furushi mapajani. Fimbo ilikuwa chini, vumbini. Ojangole aliiokota, akampa.

Njiani nilimwuliza kama ni kweli alikubali zile safari zako. Tukavuka mpaka. Kisha akasema kila Alhamisi asubuhi ulimwambia, "Leo tuanzie huku, Mama, tukirudi tutaelekea Lumino." Ndiyo maana alibeba nguo. Mkirudi ulimwambia petroli imeisha. Akasema hakukuamini baada ya mara ya tatu, lakini aliendelea kubeba furushi, maana huenda siku moja ingekuwa kweli, naye asiwe tayari. Sasa unajua alichokijua.

Tulifika kabla jeneza halijafungwa. Alisogezwa, akamshika mama yake mkono, akasema, "Mama, nimefika." Akangoja. Leonida ndiye aliyemtoa hapo.

Tangu siku hiyo hajasimama. Yuko Lumino kitandani, kwenye chumba cha Mama, na amesema harudi Busia. Majani ya baba yako niliyakuta nyuma ya jiko lako, yameshika kutu kidogo tu. Gari likiachiliwa nitayarudisha mahali pake, likae juu kama baba yako Jared alivyoliacha.

Kuna jambo moja zaidi. Watu walipokuwa wakirudisha udongo kaburini niliondoka, nikaenda kwenye lori peke yangu. Ile kamba ya Machi ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu, haijawahi kutoka humo. Niliipima kutoka chini hadi kikanyagio cha lori, kile cha kwanza alichokanyaga. Nilipima hadi fundo, nikaanzia hapo nikapima tena. Kamba mbili hazikufika.

Benedeta sijamwambia. Nakuandikia wewe, kwa sababu vipimo tulichukua sisi wawili.

Matayo